Chungu cha Watasema

Mbwa ana meno, ana tumbo linalosaga mifupa, na mababu zake porini hawakuwa na jiko. Kwa nini basi ini lake lichemshwe? Nilimuuliza hivyo mkaza mjomba wangu, Bi Somoe, nilipokuwa mtoto, nimechuchumaa mbele ya chungu kilichokuwa kikitokota nyuma ya nyumba yake. Akanitazama kupitia moshi, akasema, "Na wewe una masikio. Kwa nini basi husikii?" Niliamua kwamba hiyo ni njia ya wakubwa ya kusema hawajui, na mpaka leo huamua hivyo hivyo kila ninaponyimwa jibu.

Majuzi jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa mjini ninapofanya kazi, alipata mbwa, na jioni moja akamchemshia mapafu ya ng'ombe. Harufu ikapanda ngazi. Wapangaji wakafunga madirisha huku wakinung'unika, mimi nikaacha langu wazi. Haifanani na harufu ya nyama ya watu, kwa sababu hakuna chumvi, kitunguu wala ndimu ya kuificha. Ni harufu ya chuma kilicholoa, ya povu la kijivu, ya kitu ambacho asubuhi yake kilikuwa kikipumua. Wenzangu wa rika langu husema utoto huwarudia kwa harufu ya mkate wa kumimina au ya udongo unapopata mvua ya kwanza. Mimi nimejaliwa mapafu.

Wakati ule wa utoto, mama alikuwa amemzaa mdogo wangu na nguvu hazikumrudia upesi. Baba alikuwa mnunuzi wa ufuta na nta pale Kivinje, hakuwa na nafasi ya kukaa na mtoto anayetaka kujua kwa nini mizani ya tajiri haibishiwi na ya mkulima hubishiwa. Nikapandishwa juu ya lori lililokuwa likirudi bara, nikateremshwa kwenye njia ya kwenda Kipatimu, pale milima ya Umatumbi inapoanza kupandana. Mjomba Abdala alikuwa akiningoja. Palipokuwa na tope alinibeba, palipokuwa na mawe aliniacha nitembee, na njia nzima alijibu maswali yangu kwa neno moja, "Utaona."

Nilichokiona kwanza ni mbwa. Kivinje nilikotoka, mbwa hakuwa na jina, alikuwa na jiwe lake tu. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu alitufundisha kwamba mbwa akilamba chombo, chombo hicho kioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo, nasi tukitoka pale tulikuwa tukivuka barabara hata kwa kivuli cha mbwa. Kwa mjomba nikakuta mbwa wawili wenye majina, wenye mahali pao pa kulala chini ya uchaga wa kuni, na wenye chungu chao.

Dume aliitwa Watasema. Jike aliitwa Hamchoki. Nilidhani ni majina ya Kimatumbi mpaka siku moja nilipomsikia mjomba akiwaita kutoka ukingoni mwa shamba, sauti ikivuka bonde na kugonga nyumba za ng'ambo: "Watasema! Hamchoki!" Wanawake waliokuwa wakitwanga huko ng'ambo wakasimamisha michi. Baadaye nilielewa. Bi Somoe alikuwa ameolewa kwa muda mrefu bila kupata mtoto, na watu wa ng'ambo hiyo walikuwa hawaishi kumshauri mjomba aongeze mke. Mjomba hakuwahi kuwajibu. Alipata watoto wawili wa mbwa, akawapa majina, na tangu hapo alijibu kila jioni bila kumtukana mtu.

Mbwa hao hawakufugwa kwa sababu ya majina tu. Shamba lilikuwa bondeni, mahindi upande mmoja, mpunga upande wa maji, kunde katikati, na msitu ulianza pale jembe lilipoishia. Nguruwe wa porini wangeingia usiku mmoja, nyumba ingekula mizizi mwaka mzima. Mjomba alilala dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, lakini mtu husinzia. Watasema hakusinzia. Alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, sikio moja limechanwa, na alikuwa na namna ya kusimama akielekeza pua msituni iliyomfanya mjomba aache kuzungumza katikati ya sentensi. Kila mtu pale nyumbani alijua, hata mimi mgeni, kwamba chakula chetu cha mwaka kilikuwa kimesimama juu ya miguu minne ya yule mbwa.

Bi Somoe hakumgusa hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa sala zake tano na kanga mbili safi, na mbwa akipita karibu aliinua upindo kama mtu anayevuka dimbwi. Chakula chao alikisukuma kwa fimbo. Lakini chakula hicho alikipika yeye, kwa uangalifu ambao sisi watu hatukuupata kila siku.

Mbuzi akichinjwa kijijini, au mjomba akinasa mnyama, sehemu za mbwa zililetwa zimefungwa kwenye majani: mapafu, bandama, koromeo, figo, na kipande cha ini. Bi Somoe aliziweka juu ya jiwe kivulini, akazifunika kwa ungo mbovu, akaziacha. Mbwa walilala wakizitazama, mate yakiwadondoka. Mimi nilimhesabia huu kuwa ukatili. "Zipoe," alisema. Zilikuwa zimekwisha kupoa, nilimwambia, nimezigusa. "Basi zipoe tena."

Kisha alifanya kazi kwa kisu ambacho hakikuingia jikoni kwake. Kwanza alitafuta nyongo, maana ikipasuka ini lote huwa chungu na mbwa hutapika. Akapasua mapafu na kuyatandaza, na akiona vifuko vya maji ndani yake, vyeupe kama malengelenge, alivikata na nyama ya pembeni yake, akavichoma motoni mpaka vikawa mkaa, wala hakukubali Hamchoki avinuse. Vilivyobaki vilikatwa vidogo na kutiwa kwenye chungu chenye ukingo uliomeguka, juu ya mafiga matatu nyuma ya nyumba. Hakuna chumvi. Hakuna kitunguu, wala ganda lake, kwa sababu alisema kitunguu humkausha mbwa damu. Mapafu yaliibuka juu kama maboya na yeye akayazamisha kwa kijiti. Alipodhani yameiva alitoboa kipande cha ini, na kikitoa tone jekundu, kilirudi. Mwishowe aliusonga ugali wa mtama, akauchanganya, na ini lilikuwa kidogo sana humo, maana ini jingi, alisema, humlegeza mbwa tumbo na kumharibia mifupa. Akaacha vyote vipoe kwa mara ya tatu. Halafu fimbo, na vigae viwili vya mtungi uliovunjika.

Nami, kwa kuwa sikupewa sababu, nilijitengenezea yangu. Niliwaza hivi: mbwa ni najisi, na najisi yake iko kinywani. Bi Somoe ni mcha Mungu. Mcha Mungu hawezi kupoteza kuni kwa ajili ya mbwa bila sababu ya dini. Kwa hiyo anamtakasa. Anampa chakula kisicho na damu, siku baada ya siku, mpaka siku moja atakuwa safi toka ndani, na hapo tutaruhusiwa kumshika.

Hoja hii ilikuwa imara kuliko nyingi nilizosikia baadaye kwenye kumbi za chuo kikuu, na ilikuwa na ushahidi. Kwani Bi Somoe hakuwa akimtazama Watasema kwa makini kila asubuhi, akiinama kumchungulia machoni na ufizi bila kumgusa? Alikuwa akipima, nikasema moyoni, amefika wapi. Nikaanza kungoja. Nilitaka kumshika kuliko nilivyotaka kurudi nyumbani. Nilitaka kujua lile sikio lililochanwa likoje mkononi.

Aliyekuwa akikicheka chungu hicho hadharani ni Aloisi. Shamba lake lilipakana na letu. Alikuwa Mngindo, Mkatoliki, mwindaji, mtu mrefu mwenye kicheko kifupi, na kwa kuwa Wangindo na Wamatumbi ni watani, hapakuwa na tusi alilokatazwa.

"Hodi kwa wapishi wa mbwa," alisema akitokeza kwenye kichochoro. "Leo pilau?"

"Karibu, mtani," alijibu Bi Somoe bila kugeuka. "Kigae cha tatu ni chako. Nilikuwa nauliza umechelewa wapi."

"Abdala, mkeo ataniua. Hebu niambie, mbwa huyu akizeeka atadai chai?"

"Ataidai kwako," alisema mjomba. "Sisi hatuna sukari."

"Kwetu mbwa hula palepale alipoulia. Ini la moto, moshi unatoka. Hiyo ndiyo haki yake. Mkimnyima haki yake na kumlisha uji wa wagonjwa, siku moja atakutana na nguruwe atampa shikamoo."

"Na nguruwe atamjibu marahaba," alisema Bi Somoe, "kwa sababu ana adabu kuliko Wangindo."

Wote walicheka, na mimi nilicheka, lakini niliona kwamba mjomba alikuwa wa kwanza kuacha. Utani una ncha, na ile iliingia. Mwanaume anayeambiwa kila siku kwamba mbwa wake analishwa kama mgonjwa huanza kumtazama mbwa wake kwa jicho jingine.

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu asubuhi ile. Nilikuwa dunguni na mjomba, jua halijakausha umande, na mbung'o walikuwa wamekwisha kuamka, maana mmoja alinichoma begani kupitia nguo na mjomba akamponda kwa kidole gumba. Hamchoki alibaki nyumbani na mwiba mguuni. Watasema alikuwa chini peke yake. Hatukusikia kubweka, tulisikia kunde zikivunjika, kisha mlio kama wa mbuzi, na mjomba akaruka bila kukanyaga ngazi.

Alikuwa mbawala, dume, mwenye madoa meupe ubavuni kama alirushiwa chokaa. Watasema alikuwa amemshika mguu wa nyuma na hakumwachia mpaka mjomba alipomwekea kisu na kutaja jina la Mungu. Nilisimama mbali, lakini si mbali sana. Aloisi naye akaja mbio kutoka shambani kwake, akatazama, akasema "Aa," kwa heshima, akavua shati na kuanza kuchuna.

Tumbo lilipofunguka, mvuke ulitoka kwenye ini kama kwenye sufuria. Watasema alikaa chini. Hakuomba. Alikuwa amefundishwa kungoja.

"Mpe," alisema Aloisi.

"Mwenyewe ana utaratibu wake," alisema mjomba.

"Mwenyewe nani? Mbwa ni wa nani? Shamba ni la nani? Au na mnyama naye amekamatwa na Bi Somoe?"

Mjomba alitazama njia ya kwenda nyumbani, akanitazama mimi, akatazama mbwa. "Mpe basi. Kidogo."

Aloisi hakuwa mtu wa kidogo. Alikata nusu ya ini na pafu zima, akayatupa majanini, na Watasema akala kwa namna ambayo sikuwahi kumuona akila ugali. Uso wake wote ukawa mwekundu. Nilianza kulia. Wanaume walidhani namlilia mbawala, na Aloisi akaniahidi ngozi yake. Wala sikuweza kuwaeleza kwamba nilikuwa nimeona kazi yote ya Bi Somoe, chungu baada ya chungu, ikiisha mbele ya macho yangu, na kwamba siku ya kumshika yule mbwa ilikuwa imerudi mwanzo kabisa.

Nyumbani nilimwambia Bi Somoe. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Aliacha kusonga. Akauliza, "Lilikuwa bado la moto?" Nikasema lilikuwa linatoa moshi. Akaendelea kusonga ugali, polepole, na sehemu ya Hamchoki ya mbawala yule yule alipoletewa aliichemsha mpaka ikawa kama mpira.

Zilipita siku za kawaida. Mjomba alikuwa na furaha, Watasema alikuwa na nguvu, na Aloisi aliuliza kwa sauti kubwa kama kuna aliyeona tofauti. Halafu asubuhi moja Watasema hakuinuka mjomba alipochukua mkuki. Aliinuka baadaye, kwa aibu, akatembea nyuma yetu badala ya mbele. Akaanza kuacha chakula. Uso ulimvimba chini ya macho, ubavu ukaonekana, na siku nyingine alitetemeka juani kama mtu mwenye homa, siku nyingine akawa mzima kabisa, na sisi tukashangilia, kisha akaanguka tena.

Ndipo macho yakabadilika. Yalianza kwa ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele, kisha yakawa meupe yenye buluu ndani yake, kama upande wa ndani wa kombe la baharini. Alitembea mpaka akagonga nguzo ya dungu. Akarudi nyuma, akaizunguka kwa pua, akaigonga tena upande wa pili. Mjomba aligeuka akajifanya anatazama mahindi.

Nguruwe walijua, sijui nani aliwaambia. Waliingia upande wa mpunga na kufikia asubuhi palikuwa pamelazwa kama pamepitiwa na gari. Hamchoki peke yake hakuweza. Mjomba alisimama katikati ya uharibifu ule na nilimsikia akimwambia mkewe jambo ambalo watoto hawakupaswa kulisikia: "Nimempa kwa mkono wangu." Bi Somoe akasema, "Umempa kwa mdomo wa mtani. Tuangalie kilichobaki."

Aloisi naye hakutaniwa wala hakutania tena. Alikwenda Kipatimu kwa miguu, akarudi na kichupa cha mafuta ya macho kilichofungwa kwenye kitambaa, na akamkabidhi mjomba huku akitazama pembeni.

"Umewaambia ni ya nani?" aliuliza mjomba.

"Nimesema ni ya Watasema. Wakaniuliza mtoto ana umri gani. Nikasema bado mdogo, lakini analinda shamba."

Hakuna aliyecheka, ingawa kila mmoja alitaka.

Tatizo likawa jinsi ya kuyatia. Watasema alikuwa na maumivu, na kila mjomba alipomshika kichwa kwa mkono mmoja na kufungua kope kwa mkono wa pili, alikichomoa. Aloisi alipomshika alimng'ata. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Bi Somoe. Nilimsikia akivuta pumzi. Akavua kanga yake ya juu, akaitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya gauni, akaenda akapiga magoti mavumbini. Akakishika kile kichwa kwa mikono yake miwili, akakilaza mapajani mwake.

"Somoe," alisema mjomba.

"Maji yapo," alisema. "Udongo upo. Tia dawa." Kisha akaniita kwa jina langu. "Wewe, njoo ushike miguu."

Hivyo ndivyo nilivyomshika. Sikio sikulifikia. Nilishika miguu miwili ya nyuma, myembamba kuliko nilivyodhani, na ya moto, ya moto sana, kama vikombe vilivyotoka kumiminwa chai. Ndani yake kitu kilikuwa kikipigapiga haraka. Nilitazama mikono ya Bi Somoe, safi kama kawaida yake, ikiwa imepakwa mate na usaha mpaka kwenye vifundo, na nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kujizuia, kama maana yake Watasema amekuwa safi.

"Hapana," alisema. "Ni najisi vilevile. Najisi huoshwa, mwanangu. Haichukiwi."

Tulipomaliza alinipeleka nyuma, akanisugua mikono kwa udongo wa kichuguu, akanimiminia maji, akahesabu kwa sauti mpaka saba, kisha akajifanyia yeye mwenyewe. Akavaa kanga yake, akaswali. Tulifanya hivyo kila siku mpaka mafuta yalipokwisha. Hayakusaidia kitu. Macho hayakuwa ndiyo ugonjwa, yalikuwa dirisha lake tu.

Watasema alikufa adhuhuri, chini ya dungu, akiwa ameelekeza pua msituni. Mjomba na Aloisi walimchimbia palepale ukingoni. Kuanzia siku ile Aloisi alilala kwenye shamba letu na mbwa wake wote, akaacha lake lilindwe na watoto wake, na kwa njia hiyo tukaokoa mahindi. Siku mbwa wake walipoua nguruwe, alimchinja huko huko ng'ambo kwa heshima yetu, kisha akatokeza kichochoroni na jani lililofungwa, akalitua mbali na jiko. "Nimeyaleta mapafu," alisema. "Mkayachemshe huko nyuma mnakochemshia. Na bado nasema ini la moto ni haki ya mbwa."

"Yaweke juu ya jiwe," alisema Bi Somoe. "Yapoe."

Lakini Bi Somoe alikuwa amebadilika kwangu. Kila asubuhi aliniita, akanigeuza, na kunipapasa shingo kwa nyuma, taratibu, chini ya nywele na nyuma ya masikio, kama mtu anayetafuta shanga iliyopotea. Nilijua anachotafuta. Anatafuta najisi ya Watasema ambayo udongo haukuitoa. Alinikataza kwenda shambani. Siku moja alinikuta nimesinzia barazani jua likiwa kali, akanitikisa kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. "Unalala mchana? Tangu lini unalala mchana?" Nikasema ni joto. Akanitia maji usoni.

Jioni yake akazikunja nguo zangu.

"Atamaliza mavuno kwanza," alisema mjomba. "Mama yake bado ana mtoto mchanga."

"Ataondoka na lori la kesho."

"Somoe, mtoto hajafanya kitu."

"Sijasema amefanya kitu. Nimesema ataondoka."

Sikuwahi kumsikia akimpinga mjomba mbele ya mtu. Nilimuuliza kama ni kwa sababu nilimshika mbwa. Alinifunga kanga shingoni, akaivuta fundo, akasema, "Fika salama. Usiku mama yako akutie chandaruani, na mchana usilale." Lorini nililia mpaka kwenye tambarare za Tingi. Nilikuwa na hakika kwamba nimefukuzwa, na niliishi na hakika hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Alipotutembelea Kivinje, mara moja moja, nilimpa shikamoo na kuingia ndani.

Nilipofika chuo kikuu nilikuwa na rafiki aliyesomea magonjwa ya mifugo, nikamweleza macho ya Watasema. Alinisikiliza kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Akasema ni vidudu vya damu vinavyobebwa na mbung'o, vilevile ambavyo mbawala hutembea navyo bila kuugua. Mbwa huvipata kwa kuchomwa na mbung'o, na huenda akavipata pia kwa kula nyama mbichi ya mnyama aliyekufa punde, kupitia kidonda cha mdomoni. Nyama ikipoa, vidudu navyo hufa. Nikauliza, basi ni ini? Akainua mabega. Shamba lilikuwa na mbung'o, mbwa aliishi humo, na Hamchoki kuepukana na ugonjwa hakuthibitishi kitu. Hatuwezi kujua, alisema, na nilimpenda kwa kusema hivyo. Nilidhani hapo ndipo swali langu lilipoishia: Bi Somoe alikuwa ameshika desturi yenye faida bila kuijua sababu, kama watu wengi wanavyofanya, na mara moja hasira ya kumpoteza mbwa ikamwangukia mtoto wa watu.

Bi Somoe alipofariki, mama ndiye aliyenieleza, tukiwa tunachambua mchele wa matanga. Hakuwa Mmatumbi wa Kipatimu kama nilivyodhani siku zote. Alizaliwa mbali zaidi, upande wa Liwale, kwenye kijiji ambacho serikali ilikihamisha kwa ajili ya malale, ule ugonjwa wa usingizi ambao mbung'o huwaambukiza watu, na ambacho leo ni msitu. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyembeba mgongoni mpaka akaweza kutembea. Mvua moja mbwa wa baba yao, waliokuwa wakilishwa ini la moto porini, macho yao yakawa meupe, wakafa mmoja baada ya mwingine, na watu wakawacheka kwamba wanalilia mbwa. Mvua iliyofuata, yule mdogo akavimba shingo kwa nyuma, akaanza kulala mchana.